Paka Aliyenishuku

Paka wetu alijifungulia ndani ya kabati la nguo. Mtoto wa kwanza alitoka salama, kisha uchungu ukakatika ghafla. Tumbo lilikuwa bado limejaa, naye alihema na kunikodolea macho. Sikubanduka, kwa sababu jirani yetu muuza nyama alikuwa mlangoni, amekuja eti kusaidia, na muuza nyama mwenye huruma kwa paka mimi simwamini.

"Huyu atatufia na watoto tumboni," mke wangu alisema. "Toka, mpe nafasi."

"Nimwachie huyu mwenye visu?"

"Visu nimeviacha buchani, mzee wangu," jirani alijibu. "Ila wewe ukikodolewa hivyo chooni, utaweza?"

Mke wangu alitutoa wote, akafunga mlango. Tukakaa sebuleni tunaviziana. Haukupita muda tukasikia vilio vyembamba. Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo: paka alikuwa analamba watoto watatu. Aliponisikia nikihema, naapa alinikunjia uso, akambeba mmoja kwa mdomo na kumficha nyuma ya koti langu.

Jirani akanivuta shati. "Sogea hapo, mzee. Mama mtu ameshakushuku."