Kwato Nne za Bi Punda

Katika nchi ya Mbuga Tulivu hakuna mtemi aliyetawala kwa mabavu. Thubutu! Kila kiangazi mtemi hutundika waraka wake wa sheria mtini kando ya bwawa, raia wakausoma siku saba, kisha kila mmoja akakanyaga mara moja kwenye udongo mbichi: kulia Ndiyo, kushoto Hapana. Utaratibu mzuri, sivyo? Ila Mtemi Fisi alimweka Chura na ngoma zake upande wa Ndiyo.

Na Bi Punda kwa ngoma, jamani, hajiwezi.

"Shoga, umeusoma?" Pundamilia alimuuliza.

"Nisome mimi? Hebu nipishe, ngoma itaisha!"

Akajitosa, akakata kiuno, akarusha mateke, matope yakaruka hadi kwa wazee. Ngoma iliponyamaza, alikuwa ameacha nyayo nne kwenye Ndiyo, na makarani wakazihesabu zote. Waraka ukapita kwa tofauti ya kura mbili. Bi Punda alipiga vigelegele kuliko wote.

Kesho yake alimpeleka mwanawe kunywa maji, Mbweha mlinzi akawazuia. Wenye kucha kwanza, wenye kwato baadaye. Zamu yao ilipofika, bwawani lilibaki tope tupu. Mtoto akalilamba, akatapika. Bi Punda akakimbilia barazani akilia.

"Mtemi, mwanangu anakufa kwa kiu! Nani kaleta sheria hii?"

"Ibara ya tisa, mama," Fisi alisema kwa adabu. "Ilitundikwa siku saba. Nyayo hizi ni za nani?"

Zake. Zote nne! Baraza likaangua kicheko, naye akaona aibu mpaka masikioni, na masikio yake mnayajua.

Mwaka mzima yeye na mwanawe waliponea umande. Waraka mpya ukatundikwa, ngoma ikalia. Loo, kwato zilimwasha! Mkia ukaanza kucheza wenyewe. Lakini alisimama mtini akasoma kwa sauti ile ya punda, ikavuka bwawa.

"Ibara ya kwanza..."

Wachezaji wakamcheka. Akaendelea tu. Ya pili, ya tano, ya tisa.

"Ibara ya kumi na mbili: baada ya waraka huu, hakutakuwa na waraka mwingine."

Nyumbu alibaki mguu juu. Akaushusha polepole, upande wa kushoto. Wengine wakamfuata.

"Mama," Fisi akambembeleza, jasho likimtoka, "ngoma yako hii! Cheza basi!"

"Nitacheza, Mtemi," alisema Bi Punda. "Bado ibara tatu."