Stay ya Mbuya

Begi lilikuwa moja, tena la mgongoni. Akwero alimkumbatia mwanawe mlangoni huku macho yake yakipita juu ya bega la kijana hadi kwenye teksi, yakimngoja dereva afungue buti ashushe masanduku. Dereva aligeuza gari akateremka zake mlima wa Mbuya. Labda mizigo inakuja kwa meli, Akwero alijiambia, akamkaribisha mtoto ndani.

Hayo masanduku hakuyaota. Odyek, mwanawe huyo, alimwandikia ujumbe kutoka Leeds, Uingereza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba Desemba anakuja ku-stay naye. Sasa hapo kuna la kuuliza? Kampala nzima inajua stay ni nini. Ukikutana na mtu harusini atakuuliza una-stay wapi, nawe utamjibu una-stay Mbuya, wala hatakuuliza unaondoka lini. Akwero mwenyewe ali-stay Mbuya tangu mumewe mwanajeshi alipohamishiwa kambi ya pale kutoka Gulu. Amelea, amefiwa na amezeeka katika stay hiyo hiyo. Basi mtoto alikuwa anarudi nyumbani, yamekwisha.

Ndiyo maana alimwomba Moreen ahame. Moreen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliyepanga chumba cha nyuma, hakuwa ndugu yake, lakini ndiye aliyemgombeza akisahau dawa za presha, ndiye aliyecheka mbele ya televisheni mpaka Akwero naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Siku ya kuhama alifunga godoro lake kwenye bodaboda bila kununa. “Ni haki yake, mama. Mtoto anarudi kwao,” alisema. Akwero alikuwa na furaha nyingi mno, hata hakumsindikiza hadi barabarani.

Jioni hiyo alimpakulia Odyek malakwang, ile mboga chachu ya karanga aliyoipenda tangu utotoni, na ugali wa ulezi. Alimwacha ashibe kidogo kwanza.

“Mizigo yako inafika lini?”

“Mizigo gani, mama?”

“Ya kuhamia. Si uliandika unakuja ku-stay?”

Odyek alirudisha tonge kwenye sahani. Alimtazama mama yake, kisha akalitazama kabati jipya alilonunuliwa pamoja na kitanda, lililoonekana kupitia mlango wa chumba cha nyuma, tupu, viango vyake vikingoja nguo.

“Mama,” alisema polepole, “huko kwetu, stay ni ya mgeni. Mtu akija wiki mbili, ana-stay. Anayehamia ndiye ana-live. Nilisahau. Nilisahau kabisa kwamba hapa ni tofauti.”

Akwero hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi, wakati mtoto hakusema uongo? Wiki mbili angeweza kuzimeza. Lakini lile neno lake, huko kwetu, lilimchoma. Huyu ni mtoto aliyejifunza kutembea uani mwa kambi, aliyeota meno akilia kwa Kiswahili cha askari, na sasa alikuwa amehama bila kelele, neno baada ya neno, mama yake akiwa wa mwisho kujua.

“Kula,” alimwambia. “Mboga inapoa.”

“Na yule msichana aliyekuwa chumba cha nyuma?”

“Alipata kwingine.”

Zilikuwa wiki mbili nzuri, tusidanganyane. Odyek alitengeneza bomba la jikoni, akampeleka mama yake Old Kampala kumnunulia kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la akina mama, akamchekesha kwa visa vya baridi. Usiku Akwero alimsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta na akatamani mkoromo huo usikome. Halafu teksi ikaja, begi likapanda mgongoni.

Upweke uliomshika baada ya hapo haukuwa ule aliouzoea wa mjane. Alipika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja, kingine akakitupa. Aliwasha televisheni, watu mle ndani wakachekeshana wao kwa wao. Alipopita chumba cha nyuma aliharakisha, kana kwamba kabati lilikuwa na mdomo wa kumuuliza.

Jumapili moja alasiri simu ililia. Alikuwa Moreen.

“Shikamoo mama. Dawa umekunywa?”

“Marahaba. Nimekunywa.” Hakuwa amekunywa.

“Na kaka Odyek, amezoea?”

“Amerudi kwake,” alisema Akwero. Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno hilo kumtoka akimaanisha Leeds.

Nyuma ya Moreen zilisikika kelele za hosteli, milango na redio.

“Basi, mama,” alisema kwa sauti ya chini, “naweza kurudi ku-stay na wewe?”

Akwero aliingia chumba cha nyuma, akaketi kwenye kitanda kipya alicholalia Odyek. Shuka lilikuwa bado na mikunjo ya mwili mrefu.

“Stay ipi, Moreen?”

“Eh?”

“Nimekuuliza, stay ipi?”

Kikaja kicheko, kile kile cha mbele ya televisheni.

“Kwani ziko ngapi, mama?”

Akwero alibana simu sikioni kwa mikono miwili, akamsikiliza anavyocheka.