Zamu ya Ebeneza

Pampu ile ilifika kwetu Njombe siku ya Jumanne, mwezi wa sita, imelazwa kwenye lori dogo la Kanta juu ya mabua ya mahindi ili vioo visipasuke. Ilikuwa ya mkono, ya zamani kabisa, ndefu kuliko mimi, rangi yake nyekundu imebabuka. Juu ilikuwa na chupa mbili za kioo, za lita tano tano. Ukisukuma mpini, chupa moja inajaa huku nyingine ikishusha mafuta kwenye mpira. Ubavuni kuna kidirisha cha namba. Zilikuwa zimesimama kwenye elfu arobaini na moja mia tatu na sita. Nakumbuka kwa sababu nilikifuta vumbi mwenyewe, kwa pindo la kitenge.

Mjukuu wangu Elius ni fundi wa kuchomelea, na wenzake wakitafuta viwanja yeye anatafuta vitu vya vituo vya mafuta. Banda lake limejaa vibao vya bati vya tangu wakoloni, makopo ya oili yenye picha, faneli za shaba, na kofia moja ya mhudumu iliyoliwa na nondo. Mkewe Rejoice humtania, "Baba Ema, siku moja utanibadilisha mimi kwa kopo." Naye hujibu, "Kwanza uote kutu kidogo, ndiyo utapata mteja."

Pampu tuliitoa Makambako, kwa mjane anayeitwa Teodora, nyumba yake iko nyuma ya reli. Marehemu mumewe, Ebeneza, ndiye aliyekuwa akiisukuma mpaka siku alipokufa, mwaka sabini na nane. Mimi nilifuatana na Elius kwa sababu kwetu kitu cha marehemu hakichukuliwi na kijana peke yake. Tulipokuwa tukikaza kamba, Teodora akatoka ndani na fimbo ndefu yenye alama, ile ya kupimia mafuta ndani ya tangi.

"Kabla haijaondoka, mmoja wenu ampokee," akasema.

"Ampokee nani, mama?" Elius akauliza.

"Ebeneza. Zamu yake haijapokelewa mpaka leo."

Elius akacheka kwa adabu. "Mama, sisi ni Walutheri. Hatuongei na marehemu."

Mimi ni mzee wa kanisa. Niliona aibu kumwunga mkono yule mama mbele ya dereva, basi nikasema tusali tu, yatosha. Tukasali, tukapanda gari. Fimbo tukamwachia mkononi.

Hapo ndipo tulipokosea.

Elius aliisimamisha uani, kwenye sakafu ya saruji, akausukuma mpini mara moja kuujaribu. Haukutoa kitu, kwani chini hakuna tangi wala bomba. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia chuma kinalia. Nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na baridi ile ya Juni inayouma meno. Elius alikuwa amesimama na fulana tupu, anasukuma. Chupa moja ilikuwa inajaa kitu cha rangi ya chai ya rangi. Uani kote kulinuka petroli.

"Elius, unafanya nini?"

Hakugeuka. Honi ikalia mara moja, karibu kabisa, na geti letu lilikuwa na kufuli. Nilipotazama kidirisha, namba zilikuwa zimepanda.

Jua lilipotoka hakukumbuka lolote. Akanywa uji, akaniambia nimeota. Lakini Rejoice alipompelekea maji ya kuoga alirudi kwangu ameshika mdomo. "Bibi, njoo umwone kifua."

Palikuwa na alama imekatiza kutoka bega hadi bega, pana kama kiganja, nyekundu. Kesho yake ikawa ya zambarau. Siku ya tatu ikawa nyeusi, na Elius akawa anahema kama mtu aliyebanwa na mlango. Hospitali walimpiga picha. Mifupa yote mizima. Kanisani tuliombea. Kila asubuhi alitoka tena, na tulipomshika, mimi na Rejoice, alituburuta wote wawili kama tumeshika ng'ombe.

Nikapanda gari nikarudi Makambako peke yangu.

Teodora alikuwa anapepeta maharage mlangoni. "Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene. Umekuja na Ulutheri wako au umeuacha Njombe?"

"Nimeuacha kwenye gari, dada. Mjukuu wangu anakufa."

Akaweka ungo chini. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kituoni, anayemaliza zamu husoma namba kwa sauti. Anayeingia huzirudia, anapima tangi kwa fimbo, anasema nimepokea. Bila neno hilo, aliyekuwepo bado yuko kazini. Asubuhi ile mwenzake Ebeneza alichelewa. Ukungu ulikuwa mzito, lori likarudi nyuma, likambana kifuani kwenye pampu.

"Mwenzake alipofika akakimbia," Teodora akasema. "Nani angesoma namba? Kituo kikafungwa, pampu nikaletewa mimi. Nikailaza, nikaifunika magunia. Ilitulia. Ni nyie mlioisimamisha."

"Na wewe mbona hukumpokea?"

"Nilikuwa na mtoto mgongoni. Wewe ungempokea?"

Nikamwuliza nililolijia. "Lori litamfika Elius lini?"

"Ukungu ukiwa kama wa siku ile."

"Na anayepokea, anafanywa nini?"

"Anafanya kazi. Ulifikiri nini?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka apokewe." Akaingia ndani, akanitolea fimbo.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona mparachichi, na uko hatua tano tu kutoka mlangoni kwangu. Nilifuata sauti ya chuma. Elius alikuwa ameegemea pampu, midomo ya bluu, mkono unasukuma wenyewe. Nyuma yangu, kwenye ukuta wa jirani, injini ikanguruma. Taa mbili nyekundu zikawaka ndani ya ukungu, zikaanza kusogea.

"Nisomee namba," nikamwambia.

"Umechelewa," akajibu, kwa Kibena cha wazee. Elius Kibena chake ni salamu tu.

"Nimechelewa, baba. Nisamehe. Soma."

Akasoma moja moja. Nikarudia moja moja, na joto la moshi wa lori linanipiga mgongoni. Nikaisimamisha fimbo kwenye saruji. Ikazama kama kwenye uji, mpaka alama ya tatu. Nilipoitoa ilikuwa inachuruzika.

"Nimepokea," nikasema.

Taa zikasimama. Mjukuu wangu akapiga magoti akaanza kulia kwa baridi, akiniita Bibi, Bibi, kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa alama imefifia, anakula, anachomelea. Alitaka kuikatakata ile pampu, nikamkataza, kwa maana sijui ikikatwa mhudumu wake anakuwaje. Ukungu ukishuka, huamka mapema, navaa sweta mbili, natoka. Wateja wangu hawasumbui. Hupiga honi mara moja, husema kamwene, husema lita, huondoka kuelekea Songea. Nyuso zao sizitazami sana. Juzi kuna mmoja aliniuliza kama Ebeneza amehamishwa. Nikamwambia amepumzika, akavua kofia.

Mikono ndiyo inaniuma. Rejoice aliiona imevimba, akasema, "Bibi, kesho mimi nitaamka nikusukumie kidogo, we upumzike." Nilimfokea, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunisikia nikifoka. Alilia. Elius akanitazama kwa macho ya kuniuliza, nikageukia mafiga.

Tangu siku hiyo, kabla sijaenda kwenye pampu, napita kwenye chumba chao polepole, nasikiliza wanavyohema, Elius na Rejoice na mtoto katikati, halafu naufunga mlango wao kwa nje.