Mwaka wa Dative

Joto la Julai liliwafuata kutoka Louisville mpaka Columbus, na kipoza hewa cha gari kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana, lakini Gloire hakuvua sweta. Mama yake, aliyekaa mbele, alidhani ni mitindo ya watoto wa siku hizi. Dative, dada mkubwa, ndiye aliyeshika usukani, na kila alipotupia jicho kioo aliuona mkono wa kushoto wa mdogo wake umelazwa mapajani, umefunikwa na ule wa kulia, kama mtu aliyepakata yai. Dative si mtu wa kuuliza mapema. Huangalia kwanza, akaangalia tena, na mara nyingi jambo hujisema lenyewe.

Walikuwa wanakwenda Buffalo kwenye harusi ya binamu yao Marcellin, Jumamosi alasiri. Ijumaa jioni walipaswa kulala Whitehall, upande wa mashariki wa Columbus, kwa baba mdogo Zihindula, kisha waamke alfajiri wafuatane naye, magari mawili, mpaka kwa bwana harusi.

Baba mdogo Zihindula aliwapokea kwa kelele zake za siku zote. Alimwita Gloire dokta. Habari ilikuwa imekwisha kufika huko: shule ilikuwa imechagua wanafunzi wachache wa kukaa hospitalini majuma kadhaa, wafuatane na madaktari na wauguzi wodini, waangalie kazi inavyofanywa, na Gloire alikuwa mmoja wao. Angeanza Jumatatu. Mama alikuwa ameitangaza habari hiyo kanisani na nusu ya Highview, mtaa wao wa Louisville, na nusu iliyobaki alikuwa anaifikia taratibu.

Beseni la kunawa lilipozungushwa, Gloire alichovya ncha za vidole vya mkono wa kulia tu. Mkono wa kushoto aliuficha chini ya meza.

"Dokta ananawa kucha," alisema baba mdogo. "Huko hospitali watakurudisha siku ya kwanza."

Watu wakacheka. Bugali ilikuwa bado jikoni, na mkewe, mama mdogo Ange, aliomba wavumilie kidogo. Ndipo baba mdogo alipotoa ule mzaha wake ambao Dative alijua unakuja, kwa sababu hakuna mwaka uliopita bila kuusikia.

"Tutangoja. Sisi tulishangoja mwaka ya Dative, tutashindwa kungoja bugali?"

Kila mtu katika ukoo alikuwa anaujua mwaka huo. Walikuwa kambini, Uganda, safari ya Amerika imekwisha kupangwa, masanduku yamefungwa kamba. Wakapimwa wote kwa mara ya mwisho kabla ya ndege, na Dative, aliyekuwa msichana wa kuinukia, akakutwa na kifua kikuu. Ndege ikaondoka na watu wengine. Kila asubuhi alikwenda kumeza vidonge mbele ya muuguzi, mpaka dawa ikaisha na vipimo vikawa safi. Kisha karatasi nyingine zikawa zimepitwa na wakati, zikaanzwa upya. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Walimtania tu. Na Dative alicheka pamoja nao, maana mtu anayetaniwa asipocheka, mzaha huo hugeuka kuwa kitu kingine.

Jioni hiyo pia alicheka. Lakini akicheka alimtazama Gloire, akaona kwamba Gloire hacheki.

Baada ya kula alimfuata jikoni, akafunga mlango.

"Uko na nini pa mukono?"

Gloire alijibu kwa Kiingereza kwamba hana kitu, kama alivyozoea kujibu akitaka mazungumzo yaishe.

"Bon. Vua sweta."

Gloire alivua. Ndani ya mkono, katikati ya kiwiko na kiganja, ngozi ilikuwa imewiva nyekundu, pana kama kiganja cha mtoto, na katikati yake kulikuwa na kiuvimbe. Dative aliuvuta mkono huo kwenye mwanga. Alikuwa anajua mahali hapo. Huko kambini yeye pia alidungwa sindano ndogo papo hapo, chini kidogo ya ngozi, na yeye pia alivaa nguo ya mikono mirefu.

Gloire alieleza polepole, macho yakiwa sakafuni. Hospitali haimkaribishi mwanafunzi karibu na wagonjwa mpaka apimwe kifua kikuu. Alikuwa ameahirisha, ameahirisha, mpaka Alhamisi ikawa siku ya mwisho. Muuguzi wa kliniki alimdunga, akamuuliza kama atarudi Jumamosi ausome mkono, kwa sababu sindano hiyo isiposomwa ndani ya siku tatu haina maana. Gloire akasema atarudi. Alijua kabisa kwamba Jumamosi atakuwa Buffalo, amevaa gauni la msimamizi wa bibi harusi ambalo mama alikuwa amekwisha kulishonesha. Alitaka tu kudungwa, mengine yangejipanga. Leo asubuhi akaona mkono unaanza kuvimba. Walipofika hapa Whitehall alimdanganya mama mdogo Ange kwamba ameumwa na mbu, na mama mdogo, kwa huruma yake, akachemsha maji ya chumvi, akamkanda kwa kitambaa cha moto kwa nguvu zake zote. Tangu hapo wekundu ukazidi kutambaa.

"Mi niko nayo, yaya," alimwambia dada yake. "Inaonekana wazi."

"Na ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Kunyamaza. Donc, nisimuonyeshe mutu, siku zipite, niambie shule kama nimebadilisha mawazo. Watampa mwingine."

"Kwa nini? Wewe njo uliyelia kwa furaha walipokuchagua."

Sebuleni baba mdogo alikuwa anaanza mzaha mwingine.

"Sitaki waseme ni wewe," alisema Gloire. "Hawataacha tena. Kwanza ndege, sasa mimi."

Dative aligeuka kwenye sinki, akafungua maji, akaosha sahani iliyokwisha kuoshwa. Kambini walikuwa wanalala blanketi moja, yeye na huyu mtoto, mgongo kwa tumbo, na kikohozi kilipombana usiku alimkoholea kisogoni. Miaka yote hii ya Amerika hakuna aliyesema kwamba huenda alimwambukiza mtoto, hata baba mdogo. Dative mwenyewe alikuwa anajisemea, kila Gloire alipopata mafua.

"Kesho utasomwa mukono," alisema. "Kama ni mimi, tujue."

Mwenye kuwatafutia wageni mahali pa kulala huko Buffalo alikuwa muuguzi mmoja Mkenya, Kananu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Marcellin, na Dative alikuwa na namba yake kwa ajili ya mambo ya harusi. Alimtumia ujumbe wa sauti, akaeleza yote bila kupunguza. Jibu lilikuja bado hajafuta mikono. Kananu alisema kliniki yao hufungua Jumamosi mpaka saa nane mchana, kwamba muuguzi yeyote anayejua kazi hiyo anaweza kuusoma mkono, na karatasi itatumwa Louisville. Wamletee kabla ya kuvaa. Akaongeza kwa ukali kwamba mkono usikandwe tena, na mtu yeyote.

Walifika Buffalo kabla ya saa sita. Mama alishuka ukumbini kusaidia mapishi, na Dative akamwambia kwamba yeye na Gloire wana shughuli ndogo mjini. Mama alidhani ni mambo ya nywele.

Kananu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Gloire, akaulaza mkono juu ya mto. Dative alisimama ukutani, amekunja mikono kifuani, anaangalia. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba muuguzi hakushughulika na wekundu hata kidogo. Alipapasa kwa ncha ya kidole kimoja, huku anatazama pembeni, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akachukua kalamu ya wino. Aliianzisha mbali, kwenye ngozi nzima, akaisukuma taratibu kuelekea katikati. Kalamu iliteleza, ikaingia kwenye wekundu, ikaendelea kuteleza, na Dative alikuwa anaingoja isimame. Haikusimama. Ilikuja kusimama karibu kabisa na katikati, hapo Kananu akaweka alama. Akafanya vilevile kutoka upande wa pili. Kati ya alama mbili kulibaki nafasi ya punje ya mchele. Akaweka rula.

"Milimita nne," alisema. "Hana kitu."

"Na huu wekundu?" aliuliza Dative.

"Wekundu hatupimi, dada yangu. Tunapima ule ugumu wa chini. Huu ni ngozi imekasirishwa tu. Nani alikanda huu mkono?"

"Mama mudogo," alisema Gloire. "Na maji ya chumvi."

"Basi mwambie chumvi yake ni nzuri kwa samaki."

Gloire alianza kucheka, kicheko kikageuka kuwa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko, na Kananu akamsogezea karatasi za kufutia uso. Lakini Dative alikuwa bado amesimama ukutani.

"Sema tena," aliomba.

Kananu akasema tena. Kisha akamtazama vizuri, na labda alikumbuka ule ujumbe wa jana, kwa sababu aliweka rula chini.

"Dawa zako ulimaliza?"

"Zote. Na hapa walinipima tena tulipofika."

"Basi hakuna ulichompa huyu mtoto, na hakuna utakachompa. Ulimaliza, mama. Si wengi wanaweza kumeza vile vidonge mpaka mwisho."

Dative aliketi kwenye kiti cha karibu, taratibu, kama mtu aliyebeba gunia safari ndefu akapata pa kulitua, naye bado hajaamini kwamba bega ni lake. Kananu ndiye aliyewakumbusha kwamba kuna harusi, na yeye mwenyewe ana wimbo wa kuimba.

Garini Gloire alilitupa sweta kiti cha nyuma. Gauni la harusi, alilolivaa kulekule kliniki, halikuwa na mikono. Dative alimpa kitambaa chenye maji afute zile alama za kalamu, lakini Gloire akakataa.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa magari yamepambwa riboni, na baba mdogo Zihindula alikuwa anatembea huku na huko na tai yake imepinda, kwa sababu msafara ulikuwa unamngoja msimamizi mmoja. Alipowaona alinyoosha mikono mbinguni. Mama na mama mdogo Ange walikuwa nyuma yake, na macho ya mama yakaenda moja kwa moja kwenye mkono wa binti yake.

"Munatoka wapi ninyi?" aliuliza baba mdogo. "Bwana arusi anaota ndevu."

Zamani Dative angecheka tu, akapita. Safari hii alisimama mbele yake.

"Tulienda kupima Gloire kifua kikuu, baba mudogo. Hana. Na mimi nilikuwa nayo, nikameza dawa, nikapona. Donc, ilikuwa mwaka yangu tena, lakini hii imeisha kabla ya chakula."

Mama alikuwa ameushika mkono wa Gloire, anaugeuza juani, anauliza hizi alama mbili za wino ni za nini, na mama mdogo Ange alikuwa anauliza kama basi hakuwa mbu.

"Hakuwa mbu," alisema baba mdogo, akaiweka tai yake sawa. Kisha akamfungulia Dative mlango wa gari la mbele, lile la wakubwa.