Waliogopa Kuombewa

Kila asubuhi, kabla tanuri halijawashwa, Mektrida aliwasimamisha wafanyakazi wake duara, akasali. Kiwanda chake kidogo cha mikate pale Kiboriloni kilisifiwa kwa nidhamu, naye aliamini siri ni hiyo sala.

"Ee Bwana, mkumbuke ndugu yetu aliyeunguza mikate jana kwa kuchezea simu," alisema, macho ameyafumba. Jina hakutaja. Basili alikuwa ameshainama mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mektrida aliuona huo kuwa upole. Kuliko kumgombeza mtu mzima, heri kumkabidhi kwa Mungu.

Siku moja, yeye akiwa Bomang'ombe kupeleka mikate, mlango wa tanuri ulichomoka ukamwangukia mfanyakazi wake Winfrida mkononi. Kesho yake Mektrida alipanda hadi kwao Mwika kumwona, amebeba sukari na maziwa. Alimkuta barazani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ule mlango uliharibika lini?"

Winfrida akatazama migombani. "Bawaba zililegea tangu wiki iliyopita. Tulikuwa tunazifunga kwa waya."

"Mlikuwa? Wote mlijua, na hakuna aliyefungua mdomo?"

"Nani akuambie, mama? Ukisema kitu kimeharibika, kesho unaombewa." Akacheka, kisha akaona haya. "Samahani. Ndivyo tunavyotaniana. Rukaya anasema yeye ni Mwislamu, lakini kwako ameombewa kuliko msikitini."

Mektrida alijaribu kucheka naye, kisha akaaga. Wakati wa kushuka alishika rozari yake, asivuke punje ya kwanza. Kila neno la sala lilisikika masikioni mwake kama anamsuta mtu. Jina la Mungu alikuwa amelifanya fimbo, na waliochapwa walikuwa wakiitikia amina.

Asubuhi iliyofuata Basili na Rukaya walisimama mahali pao, wakainama kabla hajasema lolote. Safari hii alikuwa na macho wazi, akayaona mabega yao yalivyokakamaa.

"Mkono wa Winfrida umeungua kwa kosa langu," alisema. "Niliwatia woga, mkanificha. Niambieni, kuna kitu gani kingine kibovu humu?"

Wakatazamana.

"Hakuna, mama," Basili akajibu haraka. "Kila kitu kiko sawa."

Hakumbishia. Alipiga magoti akakagua mwenyewe, na nyuma ya mashine ya kukandia akakuta waya uliochunika, umezungushiwa mfuko wa nailoni. Akauchomoa ukutani.

"Leo tunakanda kwa mikono," alisema, akakunja mikono ya blauzi, akaingia katikati yao.

Walikanda bega kwa bega. Wateja wangechelewa kupata mikate, naye hakuwaharakisha. Unga ulipoanza kulainika, Rukaya alisema bila kuinua macho, "Mama, hata mpira wa gesi umepasuka. Kule nyuma."

Swali la tangu lini lilimfika Mektrida kwenye ulimi. Akalimeza.

"Asante, Rukaya," alisema, akaenda kufunga mtungi.