Vipimo vya Koti Namba 412

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la duka, Pindo alitia uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye sponji, maana macho ya Mama Mdogo hayakuliona tena tundu. Kisha alimwekea mto kwenye kiti. Mama Mdogo alinung'unika kwamba anadekezwa kama bibi harusi. Pindo alimjibu adeke tu, zamu yake imefika. Huyu ndiye aliyemchukua akiwa na miezi mitatu, siku dada yake, mama mzazi wa Pindo, alipozikwa, akamlea, akamfunza kazi, na akampa hilo jina la utani kwa kuwa utotoni hakubanduka kwenye pindo la gauni lake. Wema wa namna hiyo haulipiki. Pindo alitia uzi tu, na kila akitia alishukuru.

Duka walirithishwa na fundi wa suti aliyeitwa Mzee Mkasi, marehemu sasa yapata miaka tisa. Aliwaachia cherehani tatu, meza ya kukatia, simu ya zamani yenye waya, na rafu nzima ya madaftari. Alikuwa na kanuni moja: nguo ikishaingia hapa haipotei. Kila nguo ilikuwa na namba na ukurasa wake, na mwenyewe hata akizuka baada ya miaka saba atajibiwa. Pindo alijivunia kanuni hiyo kuliko hata mshono wake.

Jumanne moja, kama saa tatu asubuhi, simu ikalia.

"Koti langu liko wapi?" ilisema sauti nzito ya mwanaume. "Namba mia nne na kumi na mbili."

"Subiri kidogo, kaka."

Kwenye madaftari mapya, namba hiyo ilikuwa sketi ya shule. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Pindo sifa zilimpanda kichwani, akapanda kigoda, akashusha madaftari yaliyokula vumbi, na katika daftari la miaka thelathini na moja iliyopita akalikuta: koti jeusi, kutia vifungo.

"Nimelipata!" alisema, roho kwatu. "Lilipelekwa kwa fundi wa nje, atie vifungo. Nyumba ya msuka mikeka, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani."

Yule mtu akacheka polepole.

"Asante sana, dada. Huyo Mzee Mkasi wenu nimembana wiki nzima, hasemi. Kumbe mke wangu, huyo mtia vifungo wake, kajificha huko, yeye na kile kitoto cha marehemu dada yake. Leo atanitambua."

Simu ikakatika. Pindo alibaki ameishika. Kitoto cha marehemu dada. Aligeuka kumtazama Mama Mdogo, akamkuta anashona kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, kiwiko kimepinda, vidole vitatu vimejikunja.

"Mama Mdogo! Mkono umefanya nini?"

"Umefanya nini tena? Si umeuona hivi tangu unanyonya chupa?"

Jumapili tu, mkono huohuo ulikuwa umemsuka Pindo nywele. Alikimbilia kwa fundi viatu wa jirani, akauliza kwa kuzungukazunguka. Fundi viatu alimwangalia kama mtu aliyelala vibaya. Mama Mdogo alikuwa na mkono huo, alisema, toka amjue. Hakuna aliyeukumbuka mkono mzima ila Pindo peke yake. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa kwake ulikuwa umeponza mkono wa mwenzake.

Habari za yule mume alizijua kijuujuu. Alikuwa mtu wa ngumi, Mama Mdogo alimkimbia, na alipokufa ndipo wakarudi mji huu. Jioni hiyo aliuliza zaidi, macho chini.

"Siku alipokuvunja, Mama Mdogo, ilikuwaje?"

"Alikuja na rungu pale kwa msuka mikeka. Majirani wakamtoa. Mzee Mkasi akanileta hapa, nikalala chini ya meza hiyo, wewe umo kifuani. Asubuhi nikaenda kupanda basi la saa nne. Naye alikuwa ameapa kwamba atanisubiri stendi."

"Halafu?"

Mama Mdogo akakata uzi kwa meno, akasema macho yamechoka.

Usiku huo Pindo hakupata hata lepe la usingizi. Kama leo ya yule mtu, ya miaka thelathini na moja iliyopita, ilikwenda sambamba na leo ya Pindo, basi kesho yake nayo ilikuwa inakuja, na basi la saa nne lilikuwa halijaondoka bado.

Asubuhi, saa nne kasoro dakika ishirini, simu ikalia. Pindo aliinyakua kabla haijalia mara ya pili.

"Nipo hoteli ya mbele ya stendi," ilisema ile sauti. Nyuma yake sahani ziligongana. Bila shaka simu yao ilikuwa jikoni. "Nikitoka tu nasimama mlangoni mwa basi. Akija, leo hanyanyuki. Ila nataka koti langu kwanza. Nilitaka nilivae leo."

Pindo aliwaza haraka. Akimwambia koti halipo, atakata simu aende mlangoni mwa basi. Akimdanganya kwamba mke yuko dukani, atakuja mbio na kukutana naye njiani. Lakini mtu anayetaka kupendeza ili akampige mwanamke ana ugonjwa mmoja, nao ni kujipenda.

"Lipo, kaka, vifungo vyote tayari. Ila lina mushkeli kidogo. Hapa mabega yameandikwa inchi kumi na tisa. Mzee kakosea, eti? Mabega hayo ni ya mbeba magunia."

"Ni yangu hayo! Kumi na tisa kamili!"

"Wengi husema hivyo."

"Mjinga wewe! Mji mzima huu nani ana mabega kama yangu?"

"Basi tuhakikishe, usije ukavaa koti la mtu mwingine. Omba kamba hapo jikoni ujipime, inchi uzihesabu kwa pingili ya dole gumba."

Alimtukana matusi ya nguoni, lakini kamba aliomba. Walipima mabega. Walipima kifua, mara mbili, kwa sababu Pindo alidai hapo mwanzo alijaza pumzi. Alipoambiwa kiuno kimeongezeka alipandisha hasira, akaapa kwamba akimaliza stendi atakuja kumkata ulimi.

"Karibu, kaka. Ukija tutapima na shingo."

Mdomo ulitania, macho hayakubanduka ukutani. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro tano. Kasoro tatu.

"Sasa mgongo. Geukia ukutani, usimame wima, usitikisike. Ukitikisika tunaanza upya."

Ndani ya simu, mbali, honi ikalia.

"Honi gani hiyo?"

"Bado mkono wa kushoto, kaka."

Simu ya upande wa pili ikaanguka, ikawa inajigonga ukutani. Pindo alisikia viatu vikikimbia, mtu akipiga kelele basi lisimame, na injini ikinguruma. Halafu hakusikia kitu.

Alirudisha simu mahali pake na hakuthubutu kugeuka. Kama basi lilisimama, kile kiti nyuma yake kingekuwa kitupu.

"We Pindo, nani huyo unampima kwa simu?"

Alimwendea mbio, akapiga magoti, akamweleza yote, kuanzia daftari mpaka honi. Mama Mdogo alisikiliza, sindano imetulia mkononi.

"Nilikaa dirishani," alisema mwishowe. "Tulishakata kona nikamwona anatoka hotelini mbio, kamba inamning'inia shingoni. Miaka yote hii, kila nikiomba Mungu, namshukuru aliyemtia kamba ile. Nilikuwa simjui."

"Usinishukuru! Ni mimi niliyemwonyesha mlango wa kijani! Mkono wako ulikuwa mzima, Mama Mdogo. Jumapili ulinisuka."

Mama Mdogo aliutazama ule mkono uliojikunja.

"Huo mzima siujui," alisema. "Ninaoujua ni huu. Na siku ile ndani ya basi ulikuwa umefungwa vitambaa, haushiki kitu, nikakubeba kwa ule mwingine, safari nzima. Mmoja ulinitosha, mwanangu. Haya, futa machozi, usilowanishe suruali ya watu."