Namba za Uganda Peke Yake

Kazi ya Naimah mjini Kasese ilikuwa kuuliza watu wanahitaji nini, kisha kuwaandikia wahandisi wa kompyuta kwa maneno yasiyo na utata. Aliwakaripia vijana aliowafundisha: "Usimwandikie mtu hitaji lake kabla hujakaa naye." Lakini mganga hajigangi.

Walipotengeneza huduma ya simu ya kuwaitia bodaboda wajawazito walioshikwa na uchungu, Naimah alikaa na waendesha pikipiki, wakunga na wafadhili. Wajawazito aliona anawajua tayari. Si mdogo wake Asmah alikuwa na mimba, tena ya kwanza baada ya miaka ya kuomba dua? Waendesha pikipiki walihofia kusumbuliwa na wapigaji wa ng'ambo ya mpaka. Basi akaandika: mfumo upokee namba za Uganda peke yake. Sentensi safi, na ofisi nzima iliisifu.

Asmah aliuza vitenge Bwera. Wateja wake walitoka Kongo, na kama wachuuzi wengi wa mpakani, alitumia laini ya Kongo. Naimah aliijua namba ile kwa moyo, maana aliipiga kila Ijumaa baada ya swala. Ndiyo namba aliyoipiga kumwambia, "Siku ikifika usihangaike na mtu. Piga huduma yetu, watakuja haraka."

Uchungu ulimshika Asmah mchana, peke yake, katika nyumba yake ya mlimani. Alipiga huko. Mfumo ukamkatia, naye akapiga tena na tena, kwa kuwa aliambiwa watakuja. Jirani alipomkuta na kumfikisha hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Naimah alimkuta amelala, macho makavu. Hayo macho makavu yalimuumiza kuliko kilio.

"Dada, ilikatala," Asmah alisema polepole, kwa Kiswahili cha Kongo alichozoea sokoni. "Nilipiga, nikapiga. Pengine nilifinya vitufe mubaya. Wewe njo unajua ile mashini. Niambie, nilikosea wapi?"

Naimah alitamani kusema ni mtandao tu.

"Hukukosea kitu. Ni mimi niliandika ikatae laini za Kongo."

Asmah akamkazia macho. "Lakini yangu unaijua."

"Naijua."

Asmah akageukia ukuta.

Wahandisi waliirekebisha sentensi ile kabla chai haijapoa. Ijumaa, baada ya swala, Naimah alipiga Bwera. Simu iliita, ikaita, mpaka ikakata yenyewe.